Uzi: Diwali Leicester, siku gani hasa ya kwenda Belgrave Road, na tarehe yake nani anaipanga?

#1 Msafiri_wa_Tanga
Wakuu, salaam. Oktoba nitakuwa Nottingham, Uingereza, kikazi na Leicester ni jirani, treni nusu saa hivi. Nataka kuuona mtaa wa Belgrave Road, ule wanaouita Golden Mile, wakati watu wapo kwenye maandalizi, si usiku wa sherehe peke yake. Maswali mawili. Niende siku ngapi kabla? La pili ni tarehe. Mwaka 2024 India walivutana kati ya 31 Oktoba na 1 Novemba, Leicester wakafanya 31. Mwaka 2018 Singapore walipumzika 6 Novemba, Delhi wakawasha taa 7 Novemba. Nani anapanga hizi tarehe? Wenye kujua mtiririke.

#2 Mhasibu_wa_Belgrave
Karibu. Diwali si siku moja. Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi pale, mfululizo ni huu: Vagh Baras, Dhanteras (siku ya kununua dhahabu), Kali Chaudas, Diwali yenyewe, halafu Bestu Varas ambao ndio mwaka mpya, kisha Bhai Bij. Siku ya tano ya mwezi mpya ni Labh Pancham, siku ambayo biashara zilizofungwa hufunguliwa rasmi.

Ukifika mchana wa Diwali, maandalizi yamekwisha na watu wapo nyumbani wanavaa. Pilikapilika zenyewe ni kuanzia wikiendi ya kabla ya Dhanteras mpaka jioni ya Dhanteras. Kwa hiyo njoo siku nne au tano kabla. Jumamosi kuanzia saa sita mchana utasukumwa tu kwenye njia ya miguu. Ukitaka kuulizauliza madukani, njoo siku ya kazi saa nne au saa tano asubuhi. Toka stesheni kwa miguu, pitia katikati ya mji, ni kama dakika 25.

Tarehe ni hesabu ya mwezi mwandamo. Diwali ni usiku wa kiza kabisa, mwezi usipoonekana, mwisho wa mwezi wa Aso.

#3 Ngara_Kwanza
#2 umeeleza vizuri lakini hujajibu swali la pili. Kama ni kiza cha mwezi, mwezi ni mmoja dunia nzima, kwa nini tarehe ziwe mbili? Mimi naona ni serikali. Singapore inatangaza sikukuu mapema, halmashauri ya Leicester inahitaji kufunga barabara na kuandaa polisi. Mtu wa ofisini anachagua, mahekalu yanafuata.

#4 Panchangi
Hapana Ngara, ofisi haichagui. Ngoja tuweke saa mezani.

Siku ya mwezi, tithi, haianzi usiku wa manane. Inaanza wakati wowote, na urefu wake hubadilika, takriban saa 19 mpaka 26. Kanuni ya Diwali ni kwamba tithi ya kiza, amas, iwepo baada ya jua kuzama. Mwaka 2024 amas ilianza India 31 Oktoba saa 9:52 alasiri, ikaisha 1 Novemba saa 12:16 jioni. Delhi jua lilizama 1 Novemba saa 11:36 jioni. Unaona tatizo: jioni zote mbili zina amas, ile ya pili kwa dakika 40 hivi. Hapo ndipo wataalamu wakagawanyika.

Geuza saa hizo kuwa za Uingereza. Amas ilianza 31 Oktoba saa 4:22 asubuhi na kuisha 1 Novemba saa 6:46 mchana. Jua la Leicester lilizama baada ya saa kumi na nusu jioni. Jioni ya tarehe 1 amas ilishaondoka kitambo. Imebaki tarehe 31 tu, hakuna cha kubishania. Mwezi ni mmoja, machweo ni mengi.

#5 Dada_wa_Kisutu
Nyongeza kwa #4, maana hesabu hiyo haielezi Singapore. Kule wengi ni Watamil. Kwao kiini ni siku ya kumi na nne, chaturdashi, ikiwepo alfajiri. Ndiyo siku ya kuoga mafuta ya ufuta kabla jua halijachomoza, wakikumbuka kuuawa kwa jitu Narakasura. Kaskazini mwa India kiini ni jioni ya amas, kurudi kwa mungu Rama mjini Ayodhya na ibada ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri. Alfajiri na jioni zikiangukia tarehe moja, wote wanasherehekea pamoja. Zisipoangukia, Watamil wanatangulia kwa siku moja. Ilitokea miaka minne mfululizo, 2015 hadi 2018. Hapo si saa za dunia wala si serikali, ni mapokeo mawili.

#6 Ngara_Kwanza
Dada nimekuelewa, Panchangi pia. Ila sijahama mahali pangu pote. Ule usiku wa kuwasha taa za barabarani, takriban wiki mbili kabla ya Diwali, kwa kawaida Jumapili, tithi gani hiyo? Hiyo ni halmashauri kabisa.

#7 Mhasibu_wa_Belgrave
Hapo uko sahihi. Taa za barabarani zimekuwepo tangu 1983, na siku ya kuziwasha huchaguliwa ili watu wapate nafasi. Haina uzito wa dini. Msafiri, kama hupendi umati, usiku huo uruke.

#8 Msafiri_wa_Tanga
Ahsanteni. Na fataki nitaziona pale uwanja wa Cossington Street?

#9 Mtu_wa_Melton
Usipange safari kwa ajili ya fataki bila kuangalia tangazo la mwaka husika. Mwaka 2025 fataki na jukwaa viliondolewa kwa sababu ya usalama wa umati, zikabaki taa na barabara iliyofungwa kwa magari.

Na ukitaka kupiga zako, sheria ya Uingereza ni hii: fataki za watu wazima haziuzwi kwa aliye chini ya miaka 18. Marufuku kuzipiga barabarani au mahali pa umma. Siku za kawaida mwisho saa tano usiku, usiku wa Diwali mwisho saa saba usiku. Maduka yasiyo na leseni ya mwaka mzima huruhusiwa kuuza 15 Oktoba hadi 10 Novemba, na siku ya Diwali pamoja na siku tatu kabla yake. Faini haina kikomo cha juu.

#10 Mama_Samli
Mmeongea tarehe mpaka mgeni amesahau kula. Msafiri, ukipita maduka ya Belgrave wiki hiyo angalia wanachobeba watu: unga wa dengu, samli ya kopo kubwa, pauva (mchele uliopondwa bapa), iliki, na mathiya (papadi nyembamba) mbichi za pakiti, zimeshasukumwa tayari, kazi yako ni kukaanga tu. Mathiya moja ni sekunde chache kwenye mafuta. Ikigeuka rangi ya kahawia umechelewa, itakuwa chungu.

Chevdo, yaani chevda, ya kule ndiyo inayowashangaza watu wa pwani. Wewe umezoea chevda ya viazi ya Mombasa na Dar. Ya Diwali kwa wengi ni ya pauva. Nusu kilo ya pauva nyembamba, karanga gramu 150, korosho kiasi, vipande vyembamba vya nazi kavu, majani ya mchuzi, pilipili mbichi, manjano, chumvi na sukari ya unga. Pauva unazikausha juu ya moto mdogo mpaka zivunjike ukizibana kwa vidole. Kinachoiharibu ni maji ndani ya majani na pilipili. Vikaange peke yake kwanza mpaka majani yalie kama karatasi, ndipo uchanganye. Ukitia vibichi, siku ya pili chevdo yote imelegea.

#11 Chakri_Moto
Mama Samli umeanza, ngoja nimalizie na chakri, zile tambi nene za kukaanga zilizoviringwa, maana ndiyo inayowaliza watu. Hii ni ya Kigujarati, ya unga wa ngano wa kupikwa kwa mvuke, si ile ya unga wa mchele.

Unga mweupe gramu 500, ufunge kwenye kitambaa safi cha pamba, uweke kwenye chombo chenye matundu juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Mvuke dakika 20 hadi 25. Maji yasiguse kitambaa. Utatoka donge gumu kama chokaa. Livunje likiwa bado la moto, saga, chekecha. Tia ufuta vijiko viwili vikubwa, manjano kijiko kidogo, tangawizi na pilipili vilivyotwangwa, chumvi, kisha kanda kwa mtindi kidogo kidogo. Weka kwenye sancho, ile mashine ya shaba ya kukamulia tambi, sahani yenye tundu la nyota. Kamua mzunguko juu ya karatasi, bana ncha ya mwisho ishike, kaanga kwa moto wa wastani mpaka mapovu yapungue.

Zikikatika wakati wa kukamua, sababu ni unga kukosa unyevu. Ongeza mtindi.

#12 Mama_Samli
Siyo. Zikikatika ni kwa sababu hukuchekecha. Donge dogo likiziba tundu la nyota, tambi inatoka imechanika upande mmoja na mzunguko unakatika hapo hapo. Ukiongeza mtindi zitakamulika vizuri, lakini zitanywa mafuta na kesho zitakuwa laini.

#13 Dada_wa_Kisutu
Wote wawili mmesahau hewa. Oktoba Uingereza watu wamewasha hita, jikoni pakavu. Unga uliokandwa vizuri unakauka juu ndani ya dakika kumi. Kanda sehemu moja ya tatu kwa wakati, nyingine ifunike kitambaa kibichi. Unga ule ule, mikono ile ile, mzunguko wa kwanza mzima na wa kumi umekatika: hapo huwezi kulaumu kuchekecha.

#14 Chakri_Moto
Dada, basi ni unyevu, kama nilivyosema.

#15 Mama_Samli
Chekecha unga, Chakri.

#16 Mhasibu_wa_Belgrave
Turudi mtaani. Msafiri, kuna jambo ambalo wageni hulipita bila kuliona: chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Usiku wa Diwali wafanyabiashara huleta daftari jipya lenye jalada jekundu, kwa wengine kompyuta ndogo kabisa. Ukurasa wa kwanza huandikwa "Shri" kwa umbo la piramidi, moja juu, mbili chini yake, tatu chini yake, na kuendelea. Kando huandikwa Shubh na Labh, heri na faida. Swastika, alama ya heri ya Kihindu, huchorwa kwa kumkum (unga mwekundu), kisha juu yake huwekwa jani la tambuu, popoo na sarafu. Mwaka wa kodi wa Uingereza kwa mtu binafsi huisha 5 Aprili, kwa hiyo daftari hilo halina kazi kwa mamlaka ya kodi. Ni la Lakshmi. Mwaka ulioanza Oktoba 2025 kwao ni 2082 wa kalenda yao, Vikram Samvat.

Wiki ya maandalizi utayaona madaftari hayo yamepangwa kwenye maduka ya vifaa vya ibada, karibu na taa za udongo. Hekalu la Shree Sanatan Mandir lipo Weymouth Street, hapo hapo karibu. Vua viatu, funika mabega, usipige picha bila kuuliza.

#17 Panchangi
Na saa ya ibada hiyo msichukue kwenye WhatsApp ya Ahmedabad! Hili linakosewa kila mwaka. Saa za heri, choghadiya, hupatikana kwa kugawa mchana, toka jua kuchomoza hadi kuzama, mafungu manane. Siku ya usawa wa mchana na usiku kila fungu ni dakika 90. Leicester mwisho wa Oktoba mchana haufiki saa kumi, hivyo fungu ni kama dakika 72. Fungu la usiku ni refu kuliko hilo. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma saa moja. Anayenakili ratiba ya India na kupunguza saa tano na nusu tu anakosea mara mbili: ameacha urefu wa mchana wa mahali alipo, na baada ya Jumapili hiyo tofauti ni saa nne na nusu wakati wa kiangazi, tano na nusu wakati wa baridi.

#18 Mtu_wa_Melton
Panchangi, sentensi ya mwisho ina ukweli ila umeipinda. Kabla ya Jumapili ile tofauti ni nne na nusu, baada yake ni tano na nusu. Kwa hiyo anayepunguza tano na nusu amekosea Diwali ya 20 Oktoba 2025, hakukosea ya 31 Oktoba 2024.

#19 Panchangi
Sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa kusomeka. Shukrani.

#20 Msafiri_wa_Tanga
Nauliza nje kidogo ya mada. Nimeona menyu za migahawa ya Belgrave zina "mogo" ya kukaanga, na huo ni muhogo wetu. Ni kwa nini watu wa Afrika Mashariki walijaa Leicester na si Birmingham?

#21 Ngara_Kwanza
Tangazo la gazeti. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Tarehe 15 Septemba halmashauri ya Leicester ikatoa tangazo kwenye Uganda Argus kuwaambia wasiende Leicester. Wengi hawakuwahi kuusikia mji huo. Tangazo likawaonyesha kwamba wenzao wapo huko.

#22 Dada_wa_Kisutu
Hadithi hiyo ni tamu lakini inaanza katikati. Tangazo lilitolewa kwa sababu watu tayari walikuwa wanaenda. Wa Kenya walianza kumiminika 1967 na mwanzoni mwa 1968, kabla sheria ya uhamiaji ya Machi 1968 haijawabana wenye pasipoti za Uingereza. Waliotoka Zanzibar baada ya 1964 na Tanganyika baada ya majengo kutaifishwa 1971 nao wamo. Mtu anamfuata shemeji yake, hafuati gazeti.

#23 Mtu_wa_Melton
Shemeji naye alifuata kazi. Leicester ilikuwa na viwanda vya nguo za kufuma na soksi, vya viatu, na cha mashine za kuchapia cha Imperial. Kazi za zamu, mke na mume wote wanaajiriwa. Mgomo wa Mei 1974 pale Imperial uliongozwa na wafanyakazi wa Kiasia, wengi kutoka Afrika Mashariki. Na nyumba za safu za Belgrave zilikuwa rahisi. Ukiwa na mishahara miwili unanunua.

#24 Ngara_Kwanza
Kazi za viwanda zilikuwepo Coventry na Bradford pia. Hazielezi kwa nini Leicester.

#25 Mtu_wa_Melton
Na gazeti halielezi watu wa Kenya wa 1968. Tumefungana.

#26 Jikoni_Wembley
Nipite na ujumbe kutoka London: Ealing Road nako kuna kila kitu mlichotaja, na hekalu la Neasden la 1995 lina annakut, mlima wa vyakula siku ya mwaka mpya. Msafiri usidanganywe Leicester ndiyo pekee.

#27 Mama_Samli
Wembley mmefika kwa harufu ya chakri. Karibuni.

#28 Mhasibu_wa_Belgrave
Dhahabu, kwa kuwa Dhanteras ndiyo siku ya kununua. Maduka ya vito ya Belgrave huuza zaidi karati 22. Angalia mhuri: namba 916 pamoja na alama ya ofisi ya ukaguzi ya Uingereza. Vitu vya chini ya gramu moja vinaruhusiwa kukosa mhuri huo. Mkufu unalipia uzito, gharama ya ufundi, na VAT ya 20% ndani yake. Sarafu au kipande cha dhahabu ya uwekezaji hakina VAT. Mwenye kutaka akiba achukue sarafu, mwenye kutaka kuvaa achukue mkufu na ajue analipia nini. Uliza gharama ya ufundi kwa gramu kabla hujajaribu kuvaa, si baada ya kuvaa. Asiye na uwezo hununua chombo cha shaba cha jikoni, nacho ni sahihi kabisa kwa siku hiyo.

#29 Chakri_Moto
Taa za udongo: zile mpya loweka kwenye maji saa kadhaa, kausha, ndipo utie samli. Udongo mkavu unakunywa samli na utambi unazima mapema. Utambi wa pamba usiwe mnene, na ncha itokeze kidogo tu. Ikitokeza sana inatoa moshi na kuacha mdomo wa taa mweusi. Nje upepo wa Oktoba hauna huruma, wengi huweka mshumaa mdogo ndani ya glasi na kuacha taa ya samli ndani mbele ya Lakshmi.

Rangoli, michoro ya unga wa rangi mlangoni, vivyo hivyo. Kizingiti cha Leicester huwa kibichi, na unga wa rangi ukigusa unyevu unasambaa. Chora kwenye ubao wa mita moja kwa moja, ndani ya ukumbi, kisha utoe nje mvua ikikata. Anza na nukta za chaki, unganisha mistari, jaza rangi kwa chujio la chai kutoka katikati kuelekea nje, mstari mweupe mwishoni. Ukianzia nje, mkono wako utafuta ulichochora.

#30 Msafiri_wa_Tanga
Mmenipa zaidi ya nilichouliza. Nitafika Ijumaa asubuhi kabla ya Dhanteras. Niwaletee wenyeji barfi kutoka Nairobi nikipita?

#31 Mtu_wa_Melton
Usilete. Uingereza hairuhusu abiria kuingia na vyakula vya maziwa kutoka Kenya, na barfi ni maziwa. Itabaki uwanja wa ndege. Leta korosho, hizo hakuna atakayezikataa.

#32 Mama_Samli
Za Mtwara, mbichi, si za kukaanga. Tutazitia kwenye chevdo wenyewe.

#33 Chakri_Moto
Na Dada wa Kisutu, ile theluthi ya unga unayokanda kwanza, unatia mafuta ya moto kabla ya mtindi au baada? Hapo ndipo nahisi tatizo letu lilipo.